Aliuza 'Oliver!' kwa pauni 350: Kisa cha Lionel Bart

Hebu fikiria hivi. Umetoa kazi moja, imeshika kila mahali. Watoto wanaiimba shuleni, watu wazima wanaipiga mluzi wakienda kazini, na hela zinaingia hata ukiwa umelala. Una miaka 29. Halafu kila unayekutana naye, akishamaliza kukupongeza, anakuuliza swali lilelile: sasa ya pili iko wapi?

Kuna jamaa wa London aliyeulizwa swali hilo maisha yake yote. Anaitwa Lionel Bart. Huenda jina lake hulijui, lakini ukitajiwa Oliver Twist, yule yatima mwenye bakuli anayeomba aongezewe uji, mtoto unayemwona akilini mwako labda anaimba. Aliyemfanya aimbe ni Bart. Na miaka michache baada ya kumfanya aimbe, alimuuza kwa pauni 350 tu, ili apate pesa za kuthibitisha kwamba anaweza kufanya vile tena.

Nataka nikusimulie alivyofika hapo, manake watu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mlevi aliyetupa pesa. Ulevi ulikuwepo, sikatai. Lakini ulikuja baadaye. Kilichotangulia ni lile swali.

Alizaliwa Agosti 1, 1930 huko Stepney, mtaa wa East End, na jina lake halisi lilikuwa Lionel Begleiter. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Galicia, eneo lililokuwa chini ya milki ya Austria, na baba yake alikuwa fundi cherehani. Lionel alikuwa kitindamimba. East End ya wakati huo ilikuwa mahali pa wahamiaji, nyumba zilizobanana, masoko ya barabarani, kelele za wachuuzi na nyimbo za kwenye baa. Weka hayo akilini kwa sababu muziki wake wote ulitoka hapo.

Akiwa na miaka sita hivi mwalimu aliwaambia wazazi wake kwamba mtoto huyu ana kipaji cha ajabu cha muziki. Wakamtafutia fidla kuukuu. Hakufanya bidii, masomo yakakoma, na hapo ndipo elimu yake ya muziki ilipoishia. Hakuwahi kujifunza kusoma wala kuandika nota. Alipofika miaka 16 alipata ufadhili wa kusomea sanaa ya uchoraji katika St Martin's, chuo cha katikati ya London, na baadaye akawa na biashara ndogo ya kuchapisha na rafiki yake. Muziki aliuingilia mlango wa nyuma: alikuwa akijitolea Unity Theatre, ukumbi wa wafanyakazi wa mrengo wa kushoto, na pale palipohitajika nyimbo za kuchekesha, akazitunga.

Sasa, mtu asiyejua nota anatungaje? Alikuwa akiimba. Anaimba wimbo wote, sauti na maneno, kwenye kinasa sauti, kisha mtu mwingine anayejua kazi hiyo anausikiliza na kuuandika, na mwingine anaupangia vyombo. Mimi niliyetoka chuoni bila cheti naipenda sana sehemu hii ya kisa, nakiri. Lakini usiisome vibaya. Kila wimbo wa Bart ulihitaji mtu wa pili ili ufike jukwaani, hata kama bango lilikuwa na jina moja.

Katikati ya miaka ya 1950, vijana wa London walikuwa wakikutana kwenye mikahawa midogo ya kahawa ya mtaa wa Soho na kupiga gitaa. Wakati huo ndipo Bart alipokutana na Tommy Steele, baharia kijana aliyekuwa akigeuka kuwa nyota wa kwanza wa rock wa Uingereza. Wakishirikiana na Mike Pratt, walitunga wimbo uliomtoa Steele mwaka wa 1956. Mwaka wa 1959 Bart alimpa Cliff Richard wimbo wa Living Doll, ambao wazo lake alilitoa kwenye tangazo la mwanasesere gazetini. Ukafika nambari moja. Kati ya 1957 na 1960 alizoa tuzo tisa za Ivor Novello, ambazo ndizo tuzo kuu za watunzi wa nyimbo Uingereza. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mashine.

Lakini kipande cha muziki cha dakika tatu ni kitu kimoja na tamthilia ya nyimbo ya saa mbili na nusu ni kitu kingine kabisa. Hapo alihitaji shule, na shule yake ilikuwa mwanamke mmoja mkali aitwaye Joan Littlewood. Littlewood aliendesha kikundi cha Theatre Workshop huko Stratford East, mashariki mwa London, bila hela, na waigizaji waliojaribu kila kitu papo hapo hadi kikakubali. Mwaka wa 1959 Bart alimwandikia nyimbo za Fings Ain't Wot They Used T'Be, mchezo wa wahuni na makahaba wa Soho uliotokana na hadithi ya Frank Norman. Mwaka huohuo akaandika maneno ya nyimbo za Lock Up Your Daughters, muziki ukiwa wa Laurie Johnson. Michezo yote miwili ikapendwa. Wakati huo tamthilia nyingi za nyimbo zilizotamba London zilitoka Marekani. Ghafla kukawa na kijana wa Stepney anayewaweka jukwaani watu wanaozungumza kama majirani zake.

Kisha akachukua riwaya ya Charles Dickens ya miaka ya 1830 na kuifanyia jambo ambalo wengi waliliona la kipuzi. Oliver Twist ni hadithi ya giza: watoto wanaolala njaa kwenye nyumba ya maskini, mzee Fagin anayewafunza machokoraa kuchomoa mifukoni, msichana Nancy anayeuawa na mpenzi wake. Nani angelipa tiketi kuona hayo yakiimbwa? Wenye kumbi kadhaa walimkatalia. Bart aliandika kila kitu peke yake, yaani hadithi ya jukwaani, maneno na muziki, na mwishowe mzalishaji Donald Albery akakubali kujaribu.

Hebu angalia waliomzunguka. Mwelekezi alikuwa Peter Coe. Mandhari ya jukwaa yalibuniwa na Sean Kenny, Mwairishi aliyesomea usanifu wa majengo, ambaye badala ya kuchora pazia nzuri alijenga majukwaa ya mbao yenye ngazi, yanayozunguka na kugeuka mbele ya macho ya watazamaji, ili London ibadilike bila kufunga pazia. Vyombo vilipangwa na Eric Rogers. Ron Moody alikuwa Fagin na Georgia Brown, ambaye naye alikuwa Myahudi wa East End, alikuwa Nancy. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa jina kubwa. Hela zilikuwa kidogo. Kila mtu pale alikuwa na sababu ya kumwambia mwenzake kwamba hapa hapajakaa sawa.

Walijaribu kwanza Wimbledon, pembezoni mwa jiji, na mapokezi yakawa vuguvugu. Wakafika West End, kwenye ukumbi uliokuwa ukiitwa New Theatre, Juni 30, 1960. Usiku huo watazamaji walikataa kwenda nyumbani. Pazia lilifunguliwa tena na tena waigizaji wapigiwe makofi, na watu wakawa wanamwita mtunzi ajitokeze.

Oliver! ilionyeshwa mara 2,618 mfululizo jijini London. Hakuna tamthilia ya nyimbo ya Uingereza iliyokuwa imefikisha idadi hiyo kabla yake. Januari 1963 ikavuka hadi Broadway, New York, ikaonyeshwa mara 774 na kumpa Bart tuzo ya Tony ya muziki bora. Shirley Bassey alirekodi wimbo wa Nancy ukawa hiti. Watoto walioigiza kwenye kundi la Fagin kwa miaka hiyo walikuja kuwa mastaa wenyewe: Phil Collins alikuwa mmoja wao, Steve Marriott mwingine, Davy Jones wa The Monkees mwingine.

Bart akaomoka. Ilisemekana kwamba mapato yake yalifika pauni 16 kwa dakika. Akanunua nyumba kubwa London na kuijaza sherehe zisizoisha. Noël Coward akawa rafiki, Judy Garland akawa rafiki, Brian Epstein meneja wa Beatles akawa rafiki. Mwaka wa 1963 aliandika wimbo wa filamu ya James Bond, From Russia with Love, ulioimbwa na Matt Monro. Wageni walikula, walikunywa, wengine waliondoka na pesa zake. Nisikuchoshe na sehemu hii, umeiona kwenye maisha ya mastaa wengine wengi.

Twende kwenye lile swali.

Jibu lake la kwanza lilikuwa Blitz!, Mei 1962, ukumbi wa Adelphi. Hii ilikuwa hadithi ya utotoni mwake mwenyewe: East End wakati wa mabomu ya Wajerumani, familia moja ya Kiyahudi na nyingine isiyo ya Kiyahudi zinazogombana huku mtaa ukiwaka moto. Safari hii Bart hakuandika tu, alielekeza pia. Sean Kenny alijengewa nafasi ya kufanya ndoto yake yote, akaleta minara mikubwa inayotembea jukwaani, moto na majengo yanayoporomoka. Ilitajwa kuwa tamthilia ya nyimbo ghali zaidi kuwahi kuandaliwa London hadi wakati huo. Noël Coward alitania kwamba ilikuwa ndefu na yenye kelele kuliko vita vyenyewe.

Sasa sikiliza. Blitz! ilionyeshwa mara 568. Hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja, ukumbi wazi karibu kila siku ya kazi. Mtunzi mwingine yeyote angechinja ng'ombe. Lakini kwa Bart ilihesabiwa kama kurudi nyuma, kwa sababu mtaa wa pili Oliver! ilikuwa bado inajaza viti. Na haikuwahi kwenda Broadway.

Jibu la pili lilikuwa Maggie May, 1964, hapohapo Adelphi. Hadithi iliandikwa na Alun Owen, ilihusu makuli wa bandari ya Liverpool na chama chao cha wafanyakazi, na msichana wa mtaani anayempenda mmoja wao. Rachel Roberts ndiye aliyekuwa Maggie. Ikaonyeshwa mara 501, ikashinda tuzo ya Ivor Novello, na Judy Garland akarekodi nyimbo zake nne. Binafsi naona hapa ndipo Bart alipokuwa amekomaa zaidi kama mtunzi, kwa sababu hakutegemea watoto wazuri wala hadithi ambayo kila mtu anaijua. Alichukua suala la kazi na usaliti na kuliweka kwenye nyimbo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Lionel Bart aliweza kurudia mafanikio yake, nitakwambia ndiyo, mara mbili. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuona hivyo. Kipimo chake kilikuwa 2,618.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomkimbiza. Februari 9, 1964, waigizaji wa Oliver! wa Broadway walialikwa kwenye kipindi cha runinga cha Ed Sullivan. Wakaimba vizuri. Usiku huohuo, kwenye kipindi hichohicho, kulikuwa na vijana wanne kutoka Liverpool waliokuwa wakionekana moja kwa moja kwenye runinga ya Marekani kwa mara ya kwanza. Beatles. Davy Jones, aliyekuwa akiigiza kama kiongozi wa wezi wadogo, alisimama pembeni akiwatazama wasichana wakipiga mayowe. Gemu ilikuwa inabadilika, na Bart, aliyekuwa kijana wa rock miaka minane tu nyuma, sasa alikuwa mtu wa kumbi zenye viti vya mahameli.

Ndipo ikaja Twang!!, yenye alama mbili za mshangao, kana kwamba moja haitoshi.

Wazo halikuwa baya. Robin Hood, mwizi wa msituni anayewaibia matajiri, afanywe kichekesho. Mwelekezi awe Joan Littlewood, yuleyule mwalimu wake wa Stratford East. Waigizaji wawe wacheshi wanaopendwa: James Booth, Barbara Windsor, Ronnie Corbett, Bernard Bresslaw. Mandhari yabuniwe na Oliver Messel. Kwenye karatasi, hiki ni kikosi cha kuchukua ubingwa.

Lakini hapakuwa na mchezo. Namaanisha hivyo hasa: hadithi ilikuwa haijakamilika walipoanza mazoezi. Mbinu ya Littlewood ya kujaribu mambo papo hapo ilikuwa imefaulu kwenye ukumbi mdogo na waigizaji waliozoeana kwa miaka. Hapa palikuwa na waigizaji wengi, orkestra, mavazi ya bei, na tarehe ya kufungua iliyokwisha kuuzwa kwa umma. Kila siku kurasa zilibadilika. Mwigizaji anakariri maneno asubuhi, jioni yamefutwa. Walipoipeleka Manchester kwa majaribio, Littlewood aliondoka. Akaitwa Mmarekani, Burt Shevelove, aje kuitibu hadithi, kama unavyomwita fundi wakati maji yameshafika sebuleni.

Wawekezaji wakaona moshi, wakaanza kujiondoa. Kwa kawaida hapo ndipo mchezo hufa, na hufa kwa bei nafuu. Mzalishaji anasema basi, watu wanarudi nyumbani, mtunzi analia wiki mbili kisha anaanza kingine. Hicho ndicho kinga ya pesa za watu wengine: mwenye pesa ana haki ya kukwambia hapana. Ile Oliver! ambayo kila mtu aliiona kama kazi ya mtu mmoja ilipita mikononi mwa watu wengi wenye haki hiyo. Twang!! haikuwa naye tena, kwa sababu Bart aliamua kuweka pesa zake mwenyewe.

Rafiki zake walimsihi asifanye hivyo. Akafanya. Na pesa taslimu zilipokwisha, akaanza kuuza kilichokuwa kinazileta.

Tutulie hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wenu mnaotunga, mnaorekodi na mnaopiga video mnapaswa kusoma polepole. Mtunzi wa tamthilia halipwi mara moja. Kila onyesho likichezwa, kuna asilimia inayokwenda kwake, huo ndio mrabaha. Kila rekodi, kila shule inayoomba ruhusa kuigiza, kila nchi inayotafsiri, kila filamu. Mchezo kama Oliver!, ambao una watoto wengi na hadithi inayofundishwa darasani, shule na vikundi vya mitaa vinaucheza kila mwaka bila kukoma. Bart hakuwa na nyumba yenye thamani kama huo mchezo. Ulikuwa shamba linalozaa bila kulimwa.

Akauza haki zake, za nyuma na za mbele. Zile za Oliver! alimuuzia mchekeshaji na mwimbaji Max Bygraves kwa pauni 350. Bygraves baadaye aliziuza kwa pauni 250,000, zaidi ya mara 700 ya alichotoa. Unaweza kumlaumu Bygraves ukitaka. Mimi simlaumu sana, hakuiba, aliuziwa. Bart mwenyewe alikuja kukadiria kwamba uamuzi ule ulimgharimu zaidi ya pauni milioni moja.

Twang!! ilifunguliwa katika ukumbi wa Shaftesbury Desemba 20, 1965. Watazamaji walizomea. Magazeti yakaichinja. Ikaonyeshwa mara 43 na kufungwa mwezi uliofuata.

Ungedhani angesimama hapo. Alijaribu tena. Mwaka wa 1969 La Strada, iliyotokana na filamu ya Federico Fellini, ilifika Broadway ikiwa na jina lake, ingawa kufikia wakati huo nyimbo zake nyingi zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa za watu wengine. Ilifunguliwa Desemba 14. Ilifungwa Desemba 14. Onyesho moja.

Kilichonichoma zaidi nilipokuwa nikisoma habari hizi ni tarehe nyingine ya mwaka huohuo. Aprili 1969, miezi minane kabla ya La Strada, filamu ya Oliver! iliyoelekezwa na Carol Reed ilishinda Oscar ya filamu bora. Dunia nzima ikawa inaimba nyimbo za Bart kwa mara nyingine, na haki zake zilikuwa mikononi mwa watu wengine.

Mwaka wa 1972 alitangazwa kufilisika, akidaiwa pauni 73,000. Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya, na nitaipita haraka kwa sababu hakuna cha kushangilia humo: pombe, dawa za kulevya, kisukari, ini lililoharibika. Wageni wa zile sherehe wengi hawakuonekana tena. Alihamia nyumba ndogo juu ya duka huko Acton, magharibi mwa London. Akasota. Fikiria kukaa pale ukisikia dirishani kwamba shule ya jirani inaandaa Oliver!, na wewe ndiye uliyeutunga, na tiketi ikiuzwa hupati hata senti.

Hata hivyo hakufa hapo, na ndiyo maana sitaki umwite fala. Alijiunga na kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha, akaacha pombe. Mwaka wa 1986 watunzi wenzake walimpa tuzo maalum ya Ivor Novello kwa kazi ya maisha yake. Mwaka wa 1989 kampuni ya mikopo ya nyumba ya Abbey National ilimwomba atunge wimbo wa tangazo la runinga. Mzee akaonekana mwenyewe kwenye tangazo, kwenye piano, akizungukwa na watoto wanaoimba. Vijana wa Uingereza wa wakati huo wakamjua kama yule babu wa tangazo la benki.

Halafu kuna Cameron Mackintosh. Huyu ndiye mzalishaji wa Cats, Les Misérables na The Phantom of the Opera, tajiri kupindukia. Lakini miaka ya 1960 alikuwa kijana asiye na kitu, msaidizi wa jukwaani kwenye Oliver! ilipozunguka mikoani, anayesukuma meza na kuigiza kijisehemu. Alipokuja kuirudisha Oliver! kwa kishindo kwenye ukumbi wa London Palladium mwaka wa 1994, alikuwa anamiliki nusu ya haki. Kisheria hakuwa na deni lolote kwa Bart. Alimpa sehemu ya mrabaha wa onyesho hilo kwa hiari yake.

Si hilo tu, alimpa kazi. Mwelekezi kijana Sam Mendes na mwigizaji Jonathan Pryce, aliyekuwa Fagin, walitaka mambo kadhaa yabadilike, kwa hiyo Bart, akiwa na miaka 64, akaketi tena na kuandika mistari mipya na muziki wa ziada kwa ajili ya mchezo aliouandika kabla hajafika 30. Onyesho hilo lilidumu hadi 1998. Bart alifariki Aprili 3, 1999 kwa saratani, akiwa na miaka 68.

Kuna kazi moja sijaitaja. Tangu miaka ya 1960, kabla na baada ya kuanguka, Bart alikuwa akiandika tamthilia ya nyimbo kuhusu Quasimodo, yule kibiongo anayepiga kengele za kanisa la Notre-Dame kwenye riwaya ya Victor Hugo. Unaona mwenyewe: riwaya kuu ya karne ya 19, mji mkubwa wenye giza, mtu aliyetupwa anayetafuta wa kumpenda. Ilikuwa Oliver! kwa Kifaransa. Alikuwa amerudi kwenye alichokijua, bila minara inayotembea, na aliibeba kwa miongo mitatu hivi bila kupata wa kuiweka jukwaani.

Iliwekwa mwaka wa 2013, miaka 14 baada ya kifo chake. Ilikuwa King's Head huko Islington, ukumbi mdogo uliokuwa nyuma ya baa, na waigizaji walisimama karibu sana na watazamaji. Hapakuwa na mtunzi wa kuitwa jukwaani.

Oliver! yenyewe ilirudi tena West End Desemba 2024, katika ukumbi wa Gielgud. Tiketi ya kiti kimoja kizuri ilikutoa hela zisizo haba.